HDD au SSD? Kuchagua diski ya kompyuta, studio na kamera za duka jijini Mwanza

Fundi wa kompyuta yeyote, kuanzia Makoroboi hadi Buzuruga, huulizwa swali hili karibu kila siku: niweke HDD au SSD? HDD ni diski ya sahani zinazozunguka, SSD ni diski ya chipu. Jibu la haraka ni "weka SSD, ina kasi." Kwa laptopu ya mwanafunzi jibu hilo ni sawa. Kwa mwenye ghala Kirumba anayetaka picha za kamera zake zikae mwezi mzima ni ushauri mbaya, na kwa mpiga video wa harusi ni nusu ya jibu.

Kasi ni kigezo kimoja tu. Cha kujiuliza kwanza ni hiki: data hii inafanya kazi gani, na siku diski ikifa, itakufa vipi na wewe utabaki na nini? Kwa hiyo hapa tunazipima diski zote mbili kwa vigezo sita: kasi, ukubwa kwa bei, kuvumilia safari na hewa ya ziwani, umeme, namna zinavyokufa, na zinavyotunza data zikiwa zimezimwa kabatini.

Zinatofautiana nini ndani

HDD ni sahani za aluminiamu au kioo zilizopakwa utando wa sumaku. Huzunguka mara 5,400 au 7,200 kwa dakika, na kichwa cha kusomea huelea juu yake kwa umbali wa nanomita chache. Ya kwanza ilitoka IBM mwaka 1956, ikiwa na sahani 50 za inchi 24, na yote ikibeba herufi milioni 5 tu.

SSD haina kinachozunguka. Ni chipu za flashi zinazotunza chaji ya umeme ndani ya seli ndogo mno, pamoja na kontrola inayoamua kila kipande cha data kikae seli ipi. Flashi ni kazi ya Fujio Masuoka wa Toshiba, miaka ya 1980. Siku hizi SSD huja kwa maumbo mawili: ya inchi 2.5, inayoingia palepale ilipokuwa HDD ya laptopu, na kipande chembamba cha M.2 kinachochomekwa moja kwa moja kwenye madabodi. Hicho cha M.2 nacho kina aina mbili, SATA (njia ya data ya zamani, ileile ya HDD) na NVMe (njia mpya yenye kasi zaidi), na hapo ndipo watu hununua kitu kisichoingia.

Kasi

Diski ya laptopu inayozunguka mara 5,400 kwa dakika huzunguka mara 90 kwa sekunde. Kwa wastani data unayoitaka iko nusu mzunguko mbele, yaani milisekunde 5.6 za kusubiri. Ongeza milisekunde 12 hivi za kichwa kusogea, unafika karibu 18 kwa kila kipande kidogo. Hizo ni safari zisizofika 60 kwa sekunde moja. Windows inapowaka husoma maelfu ya vipande vilivyotawanyika, ndiyo maana laptopu ya HDD huonekana imeganda huku taa ya diski ikiwaka mfululizo. SSD hufikia kipande chochote kwa takriban milisekunde 0.1, na safari zake kwa sekunde huhesabiwa kwa maelfu.

Kwenye faili moja kubwa pengo hupungua. HDD ya inchi 2.5 husoma MB 80 hadi 140 kwa sekunde, ile ya inchi 3.5 ya mizunguko 7,200 hufika 150 hadi 250. SSD ya SATA hugota karibu 550 kwa sababu njia yenyewe ya SATA haipitishi zaidi ya hapo, na NVMe, inayopita njia pana zaidi ya madabodi iitwayo PCIe, hufika 3,500 kwa kizazi cha tatu cha njia hiyo. Kutoka HDD kwenda SSD ya SATA utaona tofauti siku hiyohiyo. Kutoka SATA kwenda NVMe, kwa anayechapa barua, kufungua mtandao na kuweka hesabu za duka, huenda usione lolote. Fedha hiyo ni bora iongeze RAM, kumbukumbu ya muda ya kompyuta.

Kuna mahali watu hulipia kasi wasiyoipata. Chukua harusi iliyorekodiwa kwa kamera mbili, saa tano kila moja, kwa megabiti 50 kwa sekunde. Kila saa ya video ni GB 22.5, jumla GB 225. Ukihamisha mzigo huo kwenda HDD ya nje inayoandika MB 100 kwa sekunde, ni dakika 38 hivi. Ukinunua SSD ya nje inayoandika MB 400, unatarajia dakika 10. Lakini kama memori kadi yako inasomeka kwa MB 90 kwa sekunde, utatumia dakika 42 kwa diski yoyote ile, kwa kuwa foleni iko kwenye kadi. Na ukichomeka kwenye tundu la USB 2.0, ambalo hupitisha MB 35 hadi 40, unaweza kukaa hadi saa moja na dakika 47. Tafuta tundu la USB 3.0, ambalo mara nyingi ni la buluu, kabla hujailaumu diski. SSD humlipa mhariri baadaye, anapokata na kuunganisha vipande vya kamera mbili kwa pamoja. Hapo HDD hurukaruka kati ya mafaili na picha hukwama.

SSD za bei ya chini nazo zina siri yao. Nyingi hutumia seli za QLC, zinazobanwa biti nne kila moja, na huandika haraka mpaka sehemu ya akiba yao ijae. Ikishajaa, kasi hushuka mpaka MB 80 hadi 160 kwa sekunde, sawa na HDD. Kwa mwanafunzi si tatizo kwa sababu hajawahi kuandika GB 100 kwa mkupuo. Kwa mtu wa video ni tatizo la kila Jumapili.

Ukubwa kwa bei

Bei za madukani hubadilika na dola, kwa hiyo usikariri bei. Gawa bei kwa idadi ya GB na ulinganishe shilingi kwa GB moja. Ukifanya hivyo utaona kwamba chini ya GB 500 HDD mpya haina faida ya maana: sahani, mota na vichwa vina gharama ambayo haishuki hata diski ikiwa ndogo. Kuanzia TB 2 mambo hugeuka, na kufikia TB 4 au 8 HDD huwa nafuu mara kadhaa kwa kila TB. Studio inayofanya harusi nne kwa mwezi kwa hesabu ile ya juu inazalisha GB 900, karibu TB 11 kwa mwaka. Kuhifadhi zote hizo kwenye SSD ni kufunga biashara.

Usishtuke ukiona diski ya TB 1 inaandika 931 kwenye Windows, au ya 500 ikasema 465, au ya 256 ikasema 238. Kiwanda huhesabu kwa elfu, Windows huhesabu kwa 1,024. Hujaibiwa.

Kwenye HDD kubwa za inchi 2.5, na baadhi za inchi 3.5, uliza kama ni SMR au CMR. SMR hupanga njia za data zikilaliana ili ziingie nyingi, na gharama yake ni kwamba kuandika juu ya data ya zamani huwa taabu na kasi huporomoka. Kwa kutunza video zilizokwisha haina shida. Kwa kuweka Windows, au diski inayoandikwa na kufutwa kutwa, chukua CMR, ambayo njia zake hazilaliani.

Safari, vumbi na unyevu

Kichwa cha HDD kikiwa juu ya sahani inayozunguka, chembe ya vumbi ambayo macho hayaioni ni kubwa kuliko nafasi iliyopo kwa mamia ya mara. Ndiyo maana HDD iliyofunguliwa kwenye meza ya kawaida, hata kwa dakika mbili za "kuangalia tu," imekwisha. Asiyeifungua hana haja ya kuogopa vumbi.

Mtikisiko ni habari nyingine. HDD ya laptopu ikiwa imezimwa huegesha vichwa pembeni na huvumilia mengi. Basi la kwenda Bukoba au bodaboda ya Igoma haiiui. Inayoiua ni kutikiswa ikiwa bado inazunguka: umefunga kifuniko, laptopu haijalala, umeitia begini na kupanda pikipiki. Ukishafunga, subiri sekunde 15, sikiliza, hakikisha taa imezima. HDD ya nje iliyoanguka kutoka mezani hadi kwenye sementi ikiwa inaandika ni miongoni mwa kazi zinazowafikia mafundi kwa wingi, na nyingi hazirudi. SSD katika hali hiyohiyo hupasuka kasha tu, data ikabaki. Viwanda huandika uvumilivu wa mara 1,500 ya mvutano wa dunia kwa SSD, wakati HDD ya inchi 2.5 iliyo kazini huandikwa kati ya 350 na 400.

Kuhusu hewa ya ziwani, mwinuko wa Mwanza, mita 1,140 hivi, hauna madhara. HDD za kawaida huruhusiwa hadi mita 3,000 na kidogo. Joto nalo ni la wastani, ila usifungie DVR, kile kisanduku kinachorekodi kamera, ndani ya kabati lisilo na tundu la hewa, kwa kuwa diski ikivuka nyuzi 60 imetoka nje ya mipaka yake. Unyevu ndio wa kuangalia. HDD za kawaida zina kitundu cha kupumulia chenye kichujio, nacho hakipaswi kuzibwa na kibandiko. Baada ya miaka kadhaa karibu na maji, vituo vya mguso chini ya bodi ya HDD ya inchi 3.5 huota weusi na diski huanza kupotea na kurudi. Fundi hufungua skrubu za bodi tu, wala si za kifuniko cha sahani, husugua vituo hivyo kwa kifutio cha penseli na kurudisha. SSD haina kitundu wala kichwa. Kinachochafuka ni meno ya kuchomekea, na tiba ni kifutio hichohicho. Zote mbili, zikitoka chumba chenye kiyoyozi kikali kwenda nje kwenye joto na unyevu, zipe saa moja kabla ya kuziwasha, ili umande ukauke.

Umeme

Umeme ukikatika, HDD hutumia nguvu ya sahani ambazo bado zinazunguka kuvuta vichwa vyake pembeni. Mwili wake hupona. Kinachoumia ni faili lililokuwa linaandikwa, na mara nyingine mpangilio mzima wa mafaili. SSD ina udhaifu wa aina nyingine. Kontrola yake hutunza ramani inayosema kila kipande kiko seli ipi, na SSD nyingi za kawaida hazina kapasita za kuipa muda wa kumalizia kuandika ramani hiyo. Katiko moja halina neno. Makatiko ya kila wiki kwa miaka, kwenye SSD ya bei ya chini, huweza kuharibu ramani, na bila ramani data yote haisomeki hata kama chipu ni nzima.

Kwa kompyuta ya mezani, nunua UPS, betri ya akiba inayoshika umeme ukikatika, kabla ya SSD. Ya VA 650 hukupa dakika chache za kuhifadhi kazi na kuzima. Laptopu ya mtumba ambayo betri yake imekufa na inategemea chaja tu, ihesabu kama kompyuta ya mezani. Hapa watu hujisahau sana.

Radi ni jambo la kulichukulia kwa uzito, kwa sababu eneo la Ziwa Victoria ni miongoni mwa yale yanayopigwa radi kwa wingi duniani. Mawingu yakifunga, chomoa diski za nje ukutani na kwenye kompyuta. HDD ya nje ya inchi 3.5 hutumia adapta ya volti 12. Ukiichomekea chaja ya laptopu ya volti 19 kwa sababu kichwa kimeingia, bodi inaungua papo hapo. Soma kibandiko.

Na matumizi ya umeme? Kwenye laptopu, HDD hula wati 2 hivi, SSD chini ya hapo. Kioo cha laptopu hula zaidi ya zote mbili, kwa hiyo usinunue SSD kwa ajili ya kuokoa umeme peke yake. Kwenye sola hesabu hubadilika. DVR yenye HDD ya inchi 3.5 inayokula wati 6 usiku na mchana hutumia wati-saa 144 kwa siku kwa diski peke yake. Betri ya kawaida ya volti 12 na ampea-saa 100, ambayo unashauriwa usiimalize zaidi ya nusu, hukupa wati-saa 600. Diski pekee imekwisha kula karibu robo. SSD ya wati 1.5 ingekula 36.

Namna zinavyokufa

Hiki ndicho kigezo kinachosahaulika na ndicho kinacholiza watu.

HDD mara nyingi hupiga hodi kabla ya kuondoka. Huanza kugonga kla, kla, kla. Folda moja huchukua dakika kufunguka. Nakala hukwama kwenye faili lilelile. Programu ya bure ya CrystalDiskInfo hukuonyesha mapema: angalia mistari ya 05, C5 na C6, inayohesabu sehemu za diski zilizoharibika au zinazoshindwa kusomeka. Namba ghafi zake zikitoka sifuri na kuendelea kupanda wiki hadi wiki, diski inaoza, hata kama Windows bado inawaka. Ukifika hapo usiendeshe CHKDSK, programu ya Windows ya kukagua na kurekebisha diski. Programu hiyo huweza kulazimisha kichwa kilichochoka kupita diski nzima huku ikiandika, na inaweza kuwa ndiyo safari yake ya mwisho. Toa nakala kwanza. Kwa Linux kuna ddrescue, ambayo huchota sehemu nzima kwanza na kurudia mbovu baadaye. Ikiwa inagonga na haionekani kabisa, zima na usiiwashe tena. Kila kuwasha ni kukwaruza. Vichwa hubadilishwa kwenye chumba maalumu kisicho na vumbi, kazi hiyo ni ghali, lakini inawezekana.

SSD huchakaa kwa kuandikwa, na kiwanda huandika kikomo chake kwa TBW, yaani jumla ya TB zinazoweza kuandikwa. Kwa mfano, Samsung 870 EVO ya GB 250 imeandikwa 150, ya GB 500 imeandikwa 300, ya TB 1 imeandikwa 600. Mtumiaji wa kawaida anayeandika GB 20 kwa siku anafikisha TB 7.3 kwa mwaka. Hatakaa aone kikomo hicho. Kwa hiyo ule uvumi kwamba SSD huisha haraka, kwa watu wengi hauna msingi.

Shida ya SSD ni kontrola. Leo asubuhi ilifanya kazi, jioni BIOS (programu ya kwanza kuamka kompyuta ikiwashwa) haiioni, na hakukuwa na mlio wala dalili. Nyingine huonekana lakini kwa jina geni na ukubwa wa ajabu: "SATAFIRM S11" ni jina ambalo SSD za kontrola ya Phison S11 hulionyesha programu yake ya ndani ikivurugika. Kuirejesha data hapo ni kazi ya wachache, na mafanikio hayana uhakika. Hata kufuta kwa bahati mbaya ni hatari zaidi. Kwenye HDD, faili lililofutwa hubaki mpaka liandikiwe juu, na programu za kuokoa hulipata. Kwenye SSD, amri ya TRIM huiambia kontrola kwamba nafasi ile haina kazi tena, na baada ya muda mfupi imesafishwa kweli.

Kwa hiyo kwa mtu asiye na nakala nyingine, HDD ina huruma zaidi. Kwa mwenye nakala, SSD huvunjika mara chache na kifo chake hakimwumizi. Diski moja, iwe ya aina gani, si hifadhi.

Kabatini

HDD iliyozimwa hutunza sumaku kwa miaka. Adui yake ni mota na vichwa kukaa bila kusogea, basi iwashe kila baada ya miezi 6 hadi 12. SSD hutunza chaji, na chaji huvuja, haraka zaidi kwenye joto. Kiwango cha JEDEC, shirika linaloweka viwango vya chipu, kwa SSD za kawaida kinadai itunze data mwaka mmoja kwa nyuzi 30 ikiwa imeshamaliza TBW yake. Ikiwa mpya hutunza zaidi ya hapo. Hata hivyo, video ya harusi ambayo mteja atairudia baada ya miaka mitatu usiifungie kwenye SSD au flashi na kuiacha.

Kamera za duka: mfano mmoja kwa karibu

Kamera moja inayorekodi kwa megabiti 2 kwa sekunde huandika GB 21.6 kwa siku. Kamera nne ni GB 86.4. Diski ya TB 1 itakupa siku 11 na nusu, ya TB 4 siku 46. Kwa anayehitaji mwezi mzima, hapo hakuna mjadala: ni HDD, na iwe ile iliyotengenezwa kwa ajili ya kamera, kama WD Purple au Seagate SkyHawk, ambazo hupangiwa kazi ya saa 24 na hadi TB 180 kwa mwaka. HDD ya kawaida ya kompyuta haikupangiwa kazi hiyo.

Ongeza kamera ziwe nane kwa megabiti 4. Ni GB 346 kwa siku, TB 126 kwa mwaka. SSD ya GB 500 yenye TBW 300 ingefikia kikomo ndani ya miaka miwili na miezi michache, na kila wakati ingekuwa na picha za siku moja na nusu tu. Lakini ghala la dagaa kisiwani Ukerewe, lenye kamera mbili za megabiti 2 na umeme wa sola, huandika GB 43 kwa siku. SSD ya GB 500 humpa mwenye ghala siku 11, huchakaa taratibu, na betri hupumua.

Ukinunua

Diski ya mtumba ni halali, mradi uijue. Ifungue kwenye CrystalDiskInfo mbele ya muuzaji na usome saa za kuwashwa: mwaka mmoja wa mfululizo ni saa 8,760. HDD yenye saa 30,000 pengine imetoka kwenye DVR. Ukiona diski iliyochakaa mwilini inasema saa 4, namba zimerudishwa nyuma.

Jihadhari zaidi na "SSD ya nje TB 2" kwa bei ya flashi. Ndani huwa na chipu ya GB 32 au 64 iliyofundishwa kudanganya. Hupokea mafaili yote, kisha yale yaliyozidi huwa matupu. Programu ya H2testw huandika diski nzima na kuisoma tena. Huchukua saa nyingi, kwa hiyo kubaliana na muuzaji muda wa kurudisha kabla ya kulipa.

Kuhamisha laptopu kutoka HDD kwenda SSD

Kwanza tazama tundu lililopo. SSD ya inchi 2.5 huwa na unene wa milimita 7. Kama nafasi yako ilikuwa ya 9.5, weka fremu ya kujazia ili isichezecheze. Kwa M.2, kipande chenye mikato miwili huwa ni SATA, chenye mkato mmoja huwa ni NVMe, lakini soma mwongozo wa laptopu yako, kwa sababu kuna matundu yanayokubali aina moja tu. Urefu nao uangalie: 2280 ni milimita 22 kwa 80.

Zima BitLocker, kufuli la Windows linaloficha data ya diski, au hifadhi ufunguo wake. Nakili data muhimu kwingine. Chomeka SSD kwa adapta ya SATA kwenda USB, kisha nakili diski nzima kwa programu ya bure ya Clonezilla. Kwa kawaida SSD inapaswa kuwa na ukubwa sawa na HDD au zaidi, kwa hiyo ikiwa ni ndogo, sakinisha Windows upya na uhamishe mafaili. Hata hivyo usakinishaji mpya ni bora kama mashine ina virusi vya flashi za watu. Zima, chomoa chaja, toa betri au uichomoe kwenye bodi, kisha ubadilishe diski. Kwenye BIOS hakikisha SATA iko kwenye AHCI, namna ya kisasa ya kompyuta kuwasiliana na diski za SATA. Ikiwaka, fungua dirisha la amri kama msimamizi na uandike fsutil behavior query DisableDeleteNotify. Jibu la 0 lina maana TRIM inafanya kazi. Mwisho, acha asilimia 10 hadi 20 ya SSD wazi. Ikijaa pomoni hupoteza kasi na huchakaa haraka.

Kulingana na hali yako

Mwanafunzi wa Malimbe au Bugando mwenye laptopu ya mtumba: SSD ya GB 240 au 256 ndani, na HDD ya zamani, kama mistari yake ya 05, C5 na C6 bado ni sifuri, iwekwe kwenye kesi ya USB ibebe filamu na nakala ya notsi.

Steshenari yenye foleni ya wateja na flashi zao: SSD kwa ajili ya Windows, UPS ya lazima, na HDD ya ndani kwa kazi za wateja.

Studio ya picha na video: zote mbili. Kazi inayohaririwa iwe kwenye SSD ya TLC (biti tatu kwa seli), si QLC. Ikikamilika, ihamie kwenye HDD mbili zinazofanana, moja ikae studio na nyingine nyumbani. Kadi usiifute mpaka nakala zote mbili zimefunguliwa na kuchezwa.

Ofisi ya hesabu, saccos au duka la dawa lenye programu ya mauzo: SSD na UPS, pamoja na nakala ya kila jioni kwenye HDD ya nje inayochomolewa ikimaliza. Diski inayobaki imechomekwa hufa kwa radi au virusi vilevile vilivyoua ya kwanza.

Anayesafiri kila wiki kwenda Nansio, Sengerema au Geita na kufanya kazi akiwa njiani: SSD, ya ndani na ya nje.

Mwenye kompyuta ya mezani ya kutazama filamu na kuhifadhi muziki, bajeti ikiwa finyu: HDD ya mezani inatosha. Akipata kidogo baadaye, aongeze SSD ndogo ya kuwashia Windows na aiache HDD mahali pake.

Na ambaye diski yake tayari inagonga lakini bado inaonekana: asinunue SSD leo ili "kuiharakisha," wala asijaribu kunakili diski nzima kwa programu ya kawaida. Azime, atafute diski yoyote yenye nafasi, achote kwanza picha na mafaili ya kazi yasiyopatikana kwingine, halafu ndipo aamue atakachoweka mahali pake.